Watatu wa Itulwe na Ufadhili Mmoja

Sogeeni karibu. Na yule anayependa kubishana leo akae mbele kabisa, maana hadithi hii inamtafuta yeye.

Kijijini Itulwe, kwenye miteremko ya Rungwe ambako ng'ombe wa maziwa ni wengi na baridi ni nyingi zaidi, walikuwapo vijana watatu waliomaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Gwantwa alikuwa na jicho. Ukibadilisha kifungo cha shati, Gwantwa ameona, na hatatulia mpaka ajue kile cha zamani kimekwenda wapi. Ambakisye alikuwa na miguu, na moyo usiochoka. Mpe kazi asubuhi, jioni utamkuta bado anaifanya wala hajaulizia chakula. Lusubilo yeye alikuwa na ulimi. Shuleni aliwahi kuitwa ofisini kuadhibiwa, akatoka ameshika kikombe cha chai.

Wote watatu walifaulu, wote walitaka chuo kikuu, na kwao wote hakukuwa na wa kuwasomesha. Gwantwa aliona yeye ndiye anayeumia kuliko wenzake. Alikuwa akikamua ng'ombe huku mawazo yako maabara, mpaka ng'ombe anamchapa mkia wa uso.

Basi kampuni iliyokuwa ikinunua maziwa ya kijiji ikatoa ahadi. Maziwa ya Itulwe yalikuwa yakikataliwa kila mara kwa kuganda kwenye kituo cha kupimia, na wanunuzi walikuwa wamechoka. Wakasema: maziwa yenu yakipita kipimo msimu mzima, tutamsomesha kijana wenu mmoja, masomo yoyote anayotaka, mpaka ashike shahada. Mmoja tu.

Gwantwa akaanza kuangalia. Kila kitongoji kilikuwa na keni moja kubwa ambayo nyumba zote ziliimiminia maziwa ya asubuhi. Akagundua kwamba keni inayorudishwa ni ile ya kitongoji cha juu, na ya juu huanzia kwa Bibi Tupokigwe. Akaenda kwa bibi kuomba chumvi asiyoihitaji. Akamwona bibi akichukua kibuyu cha maziwa ya mgando, anatia tone ndani ya keni, anaizungusha, ndipo anamimina maziwa mapya. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yake tangu alipoolewa: maziwa mapya hayaingii chomboni bila kusalimiwa na ya jana. Gwantwa alirudi nyumbani anakimbia, na chumvi aliisahau.

Lakini nani angemwamini? Bibi Tupokigwe ndiye aliyetoa mtamba wa kwanza wa chama cha wafugaji, na kwa usafi hakuna aliyemfikia. "Jicho lako limeanza ukorofi," wakamwambia. Hapo akaingia Ambakisye. Alichukua maziwa ya kila nyumba peke yake, chombo kwa chombo, akayapandisha mlimani hadi kituoni yapimwe mbalimbali. Anapanda, anashuka, anapanda tena, mvua inanyesha na matope yanavuta viatu. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki, mpaka hata wabishi wakaona wenyewe: ya nyumba nyingine zote yanapita, ya bibi yanaganda.

Sasa nani amwambie bibi? Bwana mifugo alikwenda, akafukuzwa kwa ufagio. Mwenyekiti wa chama alifika getini, akakumbuka ana shughuli kwingine. Lusubilo akaenda, akapiga magoti, akaamkia, akakubali uji wa ndizi, akaomba na wa pili.

"Bibi, haya maziwa ya jana kwako ni nini?"

"Ndiyo wazee wa chombo, mjukuu wangu. Mapya ni watoto."

"Na wazee hukaa wapi?"

"Si nyumbani?"

"Basi mbona unawapeleka wazee wako kituoni, wakapimwepimwe na vijana wasiowaheshimu?"

Bibi akakitazama kibuyu chake. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Tangu siku hiyo wazee wakabaki kibuyuni, watoto wakaenda kituoni, na msimu mzima hakuna keni iliyorudi. Kampuni ikatimiza ahadi.

Haya. Ufadhili umepatikana, na waombaji ni walewale watatu walioupata.

Chama cha Itulwe kina utaratibu wake: mtu hajisifu. Anayeomba jambo husemewa na mshindani wake, na msemaji atataja mawili, uwezo wa mwenzake na sababu ya kutaka kwake. Gwantwa akapangiwa kumsemea Lusubilo, Lusubilo amsemee Ambakisye, Ambakisye amsemee Gwantwa. Basi wakakutana penye josho la ng'ombe waulizane.

"Mimi nataka sheria," Lusubilo akasema. "Na sitakuficha, Gwantwa. Nikiondoka sirudi kuishi hapa. Naupenda mji. Nyumbani nitasaidia, lakini kwa mbali."

"Mimi udaktari wa mifugo," Ambakisye akasema. "Vitabu vinanitesa, mnajua. Ila ndama wetu alikufa mikononi mwangu na mama yangu amekaa pembeni analia, na sikujua hata pa kumshika. Nikisoma narudi."

Wakamgeukia Gwantwa. Akatafuta sababu nzuri, ya kutetemesha mkutano, akaikosa. "Mimi nataka kujua," akasema. "Kwa nini tone moja tu linagandisha keni nzima? Kuna nini mle ndani? Nikirudi, nisiporudi, sijui. Nataka kujua."

Siku ya mkutano, Gwantwa alisimama kwanza. Alijua vizuri: akitamka neno "harudi", Lusubilo amekwisha. Akilimeza, amedanganya kijiji. Na ubaya wenyewe ni kwamba ukweli ndio uliokuwa na faida kwake. Aliona aibu kuutamani ukweli kwa sababu hiyo. Akamsifu Lusubilo kwa moyo wake wote, akasimulia habari ya wazee na watoto mpaka watu wakapiga vigelegele, kisha akasema, "Na akisoma, hatarudi kuishi hapa. Kaniambia mwenyewe bila kuulizwa mara mbili. Wangapi kati yenu wangesema?"

Lusubilo akasimama kumsemea Ambakisye, na jamani, alisema! Aliisema miguu, aliyasema matope, alimsema yule ndama, hata wanaume wakajifuta macho kwa kisingizio cha moshi. Mzee mmoja akanong'ona, "Sasa hapa tunamlilia Ambakisye, au tunaulilia ulimi wa Lusubilo?"

Ambakisye akaja wa mwisho, mikono nyuma. "Gwantwa aliona," akasema. "Mimi ningebeba miaka kumi bila kujua ninabeba nini. Hajaahidi kitu. Anataka kujua, basi." Akakaa.

Ndipo wanachama wakapiga kura yao ya kienyeji. Ndoo tatu zikawekwa mbele, na kila mwanachama akapita na kikombe cha maziwa, akamimina kwenye ndoo ya anayemtaka. Bibi Tupokigwe naye alipita, na alikikinga kikombe chake kwa kiganja asionekane amemimina wapi. Mpima maziwa akachovya kijiti chake katika ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akachovya tena. Maziwa yalikuwa sawasawa.

Kumbe bado mwenyekiti hajapiga kura, na kikombe chake kimejaa. Akasogea kwenye ndoo ya aliyeona, ambaye hakuahidi kitu. Akasita. Akasogea kwa aliyebeba, ambaye atarudi ingawa vitabu vinamtesa. Akasita. Akasogea kwa aliyesema, ambaye bila yeye bibi angekuwa bado ameshika ufagio, na ambaye hatarudi kuishi hapa. Akasita hapo pia, na vijana watatu hawakuthubutu kutazamana.

Mimi nimeishia hapo, kwa sababu mwenyekiti amegeuka, ameshuka na kikombe chake, na anakuja ulipokaa wewe. Kipokee, na usikimwage. Ndoo ni tatu, kikombe ni kimoja, na Gwantwa anakuangalia. Utamimina wapi? Na hao wawili utakaowaacha, utawaambia nini?