Mawe ya Msingi ya Sultani Hafidhi

Palikuwa na Sultani Hafidhi, mtawala wa jiji lililonenepa mpaka likameza vijiji vya jirani. Alipenda maendeleo, na zaidi alipenda kuyazindua. Kila masika yakiisha alikwenda mtaa wa Bondeni na matarumbeta yake, akaweka jiwe la msingi lililochongwa jina lake. Mara la hospitali, mara la daraja, mara la shule. Watu wakala pilau, wakarudi makwao. Jiwe likabaki majanini, mbuzi wakijikunia. Hospitali yenyewe hakuna aliyeiona. Wake wa Bondeni wakaendelea kujifungulia kwenye mikokoteni.

Siku moja akaamuru Bondeni yote ivunjwe, ipite barabara iliyonyooka toka kasri la zamani hadi kasri jipya. Kisa na maana, kona zinamtia kichefuchefu. Wapishi wake walisema ni sambusa, si kona. Mimi simo.

Wavunjaji wakaanza na nyumba ya Bi Siwatu, mjane muuza mihogo. Wakanyanyua nyundo, kisha taratibu wakazishusha. Ukuta mzima ni mawe ya msingi, kila moja na jina la Sultani! Na sheria yasema avunjaye jiwe lenye jina hilo hukatwa mkono. Nani anataka kwenda kula na mkono mmoja? Wakamchukua mwenye nyumba hadi barazani, mbele ya Sultani na Kadhi.

"Wewe bibi," akasema Sultani, "nyumba yako umeijenga kwa nini?"

"Kwa maendeleo, Maulana."

"Mawe yale yana jina langu."

"Jina lako, Maulana. Mgongo ulioyabeba wangu."

"Umeyaiba."

"Nimeyaokota. Mbuzi walikuwa wakiyakojolea. Nikaona jina la mfalme wetu linalowa, roho ikaniuma."

Baraza zima likakohoa. Mbele ya mfalme, kicheko hukoholewa.

Kadhi akakunja uso. "Acha mzaha. Jiwe la hospitali liko wapi?"

"Ubavuni mwa kitanda. Mgongo ukinisumbua, naegemea hapo."

"La daraja?"

"Mlangoni. Mvua zikifurika, navukia hapo."

"Amekiri," Kadhi akamwambia Sultani. "Wizi ukithibiti, mawe yatarudi kwako: yatatolewa moja moja kwa heshima bila kuvunjwa, asikatwe mtu mkono. Nyumba imekwisha, na barabara inapita."

Sultani akatabasamu. Bi Siwatu naye akatabasamu, kwa meno aliyokuwa nayo.

"Kadhi wangu, sheria huijua wewe. Mwizi hushtakiwa na nani?"

"Na aliyeibiwa."

"Aliyeibiwa ni Maulana?"

Sultani akajivuna mbele ya watu wake. "Mimi nililie mawe? Mawe yale niliyatoa. Hili niliipa hospitali, lile daraja, lile shule. Nikishatoa, si langu tena."

"Umesikia, Kadhi?"

"Nimesikia."

Bi Siwatu akakaza kanga yake, akaketi chini pale pale barazani, akanyoosha miguu.

"Basi mimi siendi popote. Iiteni hospitali ije inishtaki."