Gari Huposwa na Umande

Mimi najua magari kuliko fundi yeyote hapa Njombe. Kuendesha tu ndiko sijui, na lile moja nililowahi kushika usukani wake lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Lakini kujua na kuendesha ni mambo mawili. Mbona wanaotushauri sana habari za ndoa ni wale ambao hawajawahi kuolewa?

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu Aneth. Jumapili iliyopita tuliletewa habari kwamba kuna kijana anataka kuja kujitambulisha kwetu. Ametuma siku, ametuma saa, na nusura atume na rangi ya shati atakalovaa. Shangazi yake Aneth aliposikia akakunja mdomo, akasema, "Gari huposwa na umande," kisha akaenda zake jikoni. Aneth akanigeukia amenuna.

"Bibi, mimi ndiye gari?"

"Hapana. Wewe ni mnunuzi. Gari ni huyo kijana."

"Na umande?"

Kaka yake, Gaitan, akacheka, lakini macho yake yalionyesha kwamba naye hajui. Nikawaambia wakae. Methali nyingi zilitukuta duniani, lakini hii ilinikuta mimi, tena nimesimama kwenye baridi, miguu imelowa, kwa sababu ya baba yao mdogo, Kastori. Basi methali hii ilianza hivi.

Mke wa Kastori, Tulizo, alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Miche yake ilikuwa mizuri, ila wateja wake walikuwa juu milimani, naye alikuwa akiwapelekea kwa bodaboda. Sasa mche wa parachichi ni kama mtoto mchanga. Ukitikiswa sana udongo unaachana na mizizi, na unafika mlimani umekufa huku majani bado mabichi. Mteja anaupanda, anaumwagilia, anaupenda, kisha unakauka, anapiga simu kutukana. Bila gari, kitalu kile kilikuwa kinakwenda kufungwa.

Na kitu pekee walichokuwa nacho cha kubadilishana na gari ni Majivu, ng'ombe wa maziwa ambaye Tulizo alipewa na baba yake alipoolewa, pamoja na ndama wake. Watoto wote wa nyumba ile wamekuzwa na maziwa ya Majivu. Tulizo si mtu wa maneno mengi. Aliniambia jambo moja tu:

"Mama, Majivu akitoka zizini harudi. Hilo gari lisije likawa la kutagia kuku."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Nikaanza kazi na mwanangu, na kwa kweli nilichoka.

Kwanza alitaka otomatiki. Aliona moja nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, akaja kunieleza kwamba gari la namna hiyo linabadili gia lenyewe, dereva anakaa tu.

"Kukaa tu unakujua tayari," nikamwambia. "Hatuhitaji gari la kukufundisha."

Hakunisikiliza, maana mimi ni mama yake. Ikabidi nimpeleke kwa Fundi Luvanda, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko la mbao. Fundi alikuwa amelala chini ya lori, tukaongea na miguu yake.

"Kaka," miguu ikasema, "wewe unashuka mlima na mzigo, barabara ya udongo, mvua inanyesha. Gari la gia za mkono unaliweka gia ndogo, injini yenyewe inalishikilia, breki unazigusa tu. Na klachi ikiisha naifungua mimi, hapa hapa. Hilo lako la kukaa tu, giaboksi ikichoka, utaipakia kwenye basi kama mgonjwa wa rufaa."

Kastori akakubali shingo upande. Baada ya siku chache akaja anatabasamu. Amepata pikapu, gia za mkono, nyeupe, na mwenye nayo ni mwalimu wa kwaya, Mwalimu Otmari, anayekaa ng'ambo ya kijito. Tena Mwalimu alikuwa tayari kuchukua Majivu na ndama wake, aachie gari.

"Mama, yule ni mtu wa kanisa. Hawezi kudanganya."

"Nani kakwambia kanisani tunakwenda kwa sababu hatudanganyi?"

Tukarudi kwa Fundi Luvanda kuuliza namna ya kulitazama gari lililokwisha tumika. Safari hii alitoka chini ya lori, akafuta mikono, akasema:

"Namba za kilometa msizisome, hizo hurudishwa nyuma kama saa ya ukutani. Tazameni raba ya pedali ya klachi. Ikiwa imelika kama soli ya kandambili, gari limetembea, hata dashibodi ikiapa. Fungueni kifuniko cha oili. Mkiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Semeni asante mwondoke. Halafu vuta breki ya mkono, weka gia ya nne, achia klachi taratibu. Gari likizimika, klachi ni nzima. Likiendelea kunguruma limesimama palepale, klachi hakuna. Lakini kabla ya yote hayo, mlikute baridi. Injini ikishapata moto inasahau magonjwa yake yote. Nendeni alfajiri, na msiseme kwamba mnakwenda."

Tulizo, ambaye siku hiyo tulikuwa naye, akasema, "Kama ng'ombe."

Na ni kweli. Mwuza ng'ombe mjanja hamkamui jioni, ili asubuhi ukute kiwele kimejaa mpaka kinagusa majani. Ukitaka kumjua ng'ombe, fika wakati mwenyewe hakutegemei.

Nikadhani tumeelewana. Kesho yake tukatoka mapema, mimi na mwanangu na mkewe, tukavuka kijito. Tulipofika kwa Mwalimu Otmari gari lilikuwa limeoshwa, limetolewa nje, na linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mwalimu alikuwa amevaa koti. Na mezani kulikuwa na vikombe, idadi yetu kamili.

Nikamtazama Kastori. Kastori akatazama vikombe.

"Ulimpigia?" nikamwuliza tulipokuwa njiani kurudi.

"Mama, mtu humvamii nyumbani kwake bila taarifa. Si adabu."

"Fundi alisema nini?"

"Fundi ni fundi. Mimi nimelelewa na wewe."

Hapo ndipo ujue mtoto anavyoweza kukupiga kwa fimbo uliyoichonga mwenyewe.

Tukaenda tena wiki iliyofuata, na Fundi Luvanda mwenyewe. Boneti ilikuwa ya moto kama sufuria. Mwalimu akasema katoka kupeleka vinanda kanisani, siku ya Jumanne, ambayo kwaya haina mazoezi. Fundi akatazama oili, safi. Akajaribu klachi, gari likazimika kama inavyotakiwa. Akalizunguka, akakuna kichwa.

"Mwili ni mzuri," akasema. "Lakini mgonjwa aliyekunywa dawa asubuhi hapimwi homa. Nani kawaambia tunakuja?"

Kastori akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nyumbani nikamsema mpaka sauti ikakauka. Yeye akaona ni uchuro. Akasema tunamtilia shaka mtu mwema, gari limewaka mbele yetu mara mbili, tunataka nini kingine, liimbe? Akasema amekwisha toa neno: Alhamisi saa nne asubuhi tunapeleka ng'ombe, tunachukua gari. Tulizo akainuka akaenda zizini. Nilipomfuata nilimkuta amemwegemea Majivu ubavuni, anamkwangua tope lililokauka kwa kucha. Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia.

Basi Alhamisi nikaamka kabla ya jogoo, nikamwamsha Kastori.

"Amka, tunampeleka ng'ombe."

"Ni saa nne, Mama."

"Saa nne jua limekuwa kali. Ng'ombe mwenye ndama haswagwi kwenye jua, atagoma njiani, utambeba?"

Hilo hakuweza kulibishia, maana habari za ng'ombe hajui. Akavaa. Akaanza kupapasa kitandani, chini ya mto, mifuko ya suruali.

"Mama, umeiona simu yangu? Nimwambie Mwalimu tunawahi."

"Sijaiona," nikasema. Na kweli nilikuwa siioni, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga, na khanga nilikuwa nimeifunika na sweta.

Tukatoka. Mnajua Njombe mwezi wa sita ilivyo. Majani yalikuwa yameganda, yanakatika chini ya miguu kama maganda ya mayai, na ukungu ulikuwa mzito hata mkia wa Majivu nilikuwa siuoni, nausikia tu ukinipiga. Tulizo alishika kamba mbele, ndama akafuata, Kastori akaja nyuma akisema kila baada ya hatua chache kwamba si adabu, si adabu.

Tulipofika, gari lilikuwa pale uani. Halikunguruma. Limelala, jeupe juu ya weupe wake, umande umelifunika kuanzia kioo mpaka magurudumu. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa kama kugusa jiwe la mtoni. Kwa mara ya kwanza tukawa tunalitazama gari lenyewe na si mwenye gari.

Mwalimu Otmari akatoka na mswaki mdomoni. Alipotuona akautoa, akaurudisha, akautoa tena.

"Kamwene, Mama Kastori. Si tulisema saa nne?"

"Kamwene, Mwalimu. Ng'ombe kakataa kungoja."

"Basi karibuni ndani, mama watoto awapikie chai. Mimi nitalipasha moto kidogo kwanza."

"Chai baadaye," nikasema. "Liwashe tu tulisikie, ng'ombe anapata baridi."

"Mama, hili gari halina shida ya kuwaka. Ufunguo ukigusa tu, limewaka. Tangu nilinunue halijawahi kusukumwa hata siku moja, Mungu ni shahidi."

Kastori akanitazama kwa lile jicho la umesikia? Mwalimu akaingia garini, akafunga mlango, akakaa na ufunguo mkononi bila kuuzungusha. Sisi tulikuwa mbele ya boneti, ukungu katikati yetu na kila kitu. Ndipo tukasikia mlango wa jikoni ukifunguka na miguu ikija haraka, zaidi ya mtu mmoja. Mwanamke mmoja, khanga kaikaza kiunoni, akapita nyuma ya gari bila kutuona, na wanaume wawili nyuma yake wanapiga miayo. Wakajipanga kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, kila mtu na mahali pake, kama kwaya inavyojipanga. Yule mama akaweka viganja.

"Haya, Baba Nuru, weka gia ya pili," akasema. "Na leo likiwaka usilizime, likae linanguruma mpaka wale wa ng'ombe wafike."

Majivu akapumua, mvuke ukatoka. Tulizo akaizungusha kamba mkononi mwake, akamgeuza Majivu mpaka kichwa kikaelekea kijito, ndama naye akageuka.

Nikamwambia mwanangu, polepole, maana asubuhi ile nilikuwa sina tena haja ya kupiga kelele: "Gari huposwa na umande, Kastori."

Ndipo iliposemwa mara ya kwanza. Na Kastori, aliyekuwa amenibishia mwezi mzima, akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Otmari akashuka garini. Akacheka peke yake, akaonyesha nyuma ya gari kwa mswaki.

"Msimsikilize huyo, Mama Kastori. Ni dada yangu, kafika jana tu kutoka kijijini, mambo ya gari hayajui."

Yule mama akatokeza kichwa ubavuni mwa pikapu, mikono imelowa umande.

"Baba Nuru," akauliza, "nimekuwa dada yako lini?"