Makande Ofisini kwa Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa? Mmekula kweli leo? Nasema, paukwa!

Pakawaaa!

Haya, afadhali. Hapo kale palikuwa na shule ya wanyama. Mwalimu mkuu alikuwa Nyani, mwenye nguvu nyingi na ulafi zaidi ya nguvu. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na kuni asubuhi. Nusu zilipika makande ya shule, mahindi na maharage, nusu zilikwenda nyumbani kwa Nyani. Leo kuni, kesho kuni, kesho kutwa kuni, hata msitu ukaisha. Ukabaki mkuyu mmoja tu, na juu yake aliishi Mwalimu Kindi na wanawe watatu.

Nyani akasema, "Ijumaa tunaukata."

"Mkuu, wanangu watalala wapi?"

"Kulala, kulala! Mimi nitakula nini?"

Kindi alichoka. Alichoka mpaka mkia. Akaingia darasa la sita akasema, "Wekeni madaftari chini. Leo tunajifunza kutunza moto, na tunajifunza kwa mikono."

Wakasuka kikapu kikubwa. Wakakijaza majani makavu, wakaacha shimo la sufuria katikati, wakashona mto wa kufunikia. Sufuria ikishachemka jikoni, inaingizwa kikapuni, inafunikwa, inajipikia kwa joto lake yenyewe.

Inajipikia, ndiyo, kwa wanafunzi wanaosikia! Siku ya Jumanne mwanafunzi mmoja, Kanga, alifunua, mvuke fuuu! Akafunika. Akafunua, fuuu! Akafunika. Saa sita makande yalikuwa kokoto.

"Kanga, unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama joto lipo, mwalimu."

"Lilikuwepo!"

Jumatano wakamkalisha Kanga mbali, nje kabisa. Saa sita makande yakaiva, laini.

Alhamisi Kindi akamwendea Nyani. "Mkuu, kesho tutapikia kikapuni. Makande yakiiva, mkuyu usiguswe na habari ya kuni iishe. Yakibaki mabichi, kata. Kikapu nitakiweka ofisini kwako, ukilinde mwenyewe. Ila usifunue kabla ya saa nane, yataharibika kabisa."

"Nimekubali," Nyani akasema, huku anacheka moyoni.

Wanafunzi wakapiga kelele. "Mwalimu, si atafunua!"

"Hebu kaeni chini," Kindi akasema. "Mnanichosha."

Ijumaa, saa saba, Nyani akafunga mlango wa ofisi. Akafunua ili ayaharibu. Fuuu! Harufu ya vitunguu ikamwingia puani. Akaonja kidogo. Akaonja kidogo. Akaonja kidogo, mpaka kijiko kikagonga chini ya sufuria, kwa! kwa! kwa!

Saa nane kengele ikalia, ngo! ngo! ngo! Shule nzima ikajaa mlangoni na sahani mkononi. Nyani akatoka, mashavu yamemvimba.

"Yamekataa kuiva," akasema. "Mabichi kabisa! Leteni shoka."

Kindi akachungulia. "Mkuu, mbona sufuria tupu?"

"Nimeyala, yasipotee bure."

Kindi akajishika kichwa. "Maharage mabichi? Sufuria nzima? Jamani, mkuu anakufa! Kobe, lete mafuta ya nyonyo! Kikombe... hapana, lete debe! Wengine mshikeni miguu, lazima aharishe yote!"

Kobe, ambaye siku zote huja shule wenzake wanatoka, siku hiyo alikimbia. Nyani alipoliona debe akaruka juu ya meza.

"Yameiva! Jamani, yameiva! Laini! Hata chumvi imekolea!"

"Sema tena, nyuma hawajasikia."

"Yameivaaa!"

Kindi akalichukua shoka, akalifungia kabatini, akapanda mkuyu wake kwenda kulala. Hakumuaga mtu.

Ngano imefika mwisho. Aliyesikia kasikia, aliyesinzia shauri yake. Mnataka na funzo? Mnanimaliza nyie. Haya, funzo ni hili: watoto, muwe walafi. Nyani angekuwa na kiasi, angeyamwaga makande yote dirishani bila kuonja, akasema mabichi, na mkuyu ungekuwa majivu.