Bingwa Miongoni mwa Wanaoanza

Kitu kilichoingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa. Anayekitaka hana budi kupiga magoti, hata kama watu wanamtazama. Hayo yalimfika mwanafunzi mmoja wa uuguzi ambaye wenzake walimwita Bingwa.

Alipokuwa sekondari, Kifaransa kilimtoka kama maji ya mfereji. Alipoingia chuo kikuu akakipa kisogo, na lugha isiyosemwa huota kutu. Akiwa mwaka wa mwisho, likatoka tangazo: hospitali moja ya ng'ambo ilitaka wauguzi wanafunzi wanaojua Kifaransa. Bingwa akamkimbilia mhadhiri aliyesimamia chumba cha mazungumzo, ambamo wanafunzi walijizoeza kusema Kifaransa. Mhadhiri alimuuliza kwa Kifaransa habari za masomo. Bingwa akafungua kinywa, maneno yasije.

"Utaanza na wale wa mwaka wa kwanza," mhadhiri alisema.

"Mwalimu, mimi nilikuwa wa kwanza shule nzima."

"Ulikuwa, mwanangu. Njoo kila jioni. Kukosea ruksa, kunyamaza hapana."

Bingwa aliondoka amevimba. Akampigia mama yake simu, akamweleza yote akitarajia kupozwa.

"Hao watoto wakikucheka watakupunguzia nini?" mama aliuliza.



Kesho yake akaketi nao. Katika kusimulia asubuhi yake, akatangaza kwamba alikuwa amewachana farasi wake, kumbe alikusudia nywele, maana kwa Kifaransa maneno hayo mawili yanakaribiana sauti. Chumba kizima kikaangua kicheko. Masikio yalimwaka moto, lakini aliirudia sentensi mpaka ikakaa sawa. Jioni zilizofuata alikosea tena, akarekebishwa na vijana aliowazidi umri, akashukuru. Wodini, akitandika vitanda, alijisemesha Kifaransa chinichini. Taratibu ulimi ukalainika.

Siku ya usaili, daktari mmoja wa jopo alimuuliza kwa Kifaransa angemtulizaje mtu anayeogopa chanjo. Bingwa akaanza vizuri, mara neno "sindano" likamtoroka. Zamani angeganda. Safari hii akasema, "Kile kichuma chembamba kinachopitisha dawa," akaendelea kubembeleza kwa upole hata daktari akakunja mkono wa shati.

"Basi nichome," alisema, na jopo zima likacheka.

Majina yalipotoka, la Bingwa lilikuwa juu kabisa. Wale vijana wa mwaka wa kwanza wakambeba juujuu ukumbini kwa shangwe, naye akiwashukuru mmoja mmoja kwa Kifaransa kisichokwama. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.