Kiti Kimoja cha Alhamisi

Sogeeni. Anayejiona hodari wa kuamua akae mbele, tumwaibishe vizuri.

Torbi, kule jangwani ambako lori likifika mjini kwa siku tatu dereva anasifiwa kwa mbio, palikuwa na watu watatu. Jillo alikuwa na mkono wa barua: akiandika ombi, hata jiwe lingejibu. Diba alikuwa na koo: aliiga sauti ya mtu yeyote, kisha akajisifu kwa yake mwenyewe. Na Talaso, mshonaji, alikuwa na sindano: nguo yake ilichanika popote, si kwenye mshono. Bintiye, Gumato, alikuwa anahitimu uuguzi mjini Ijumaa.

Jillo aliandika miaka saba: serikali ichangie nusu ya nauli, ndege ije kila Alhamisi. Macho yakaingia ukungu, naye haachi. Barua ya thelathini na moja ikajibiwa: "Ruzuku ipo. Ndege ya majaribio Alhamisi hii. Isipotua, nafasi yenu wanapewa wengine."

Watu wa Torbi, kwa akili zao nyingi, wakafagia kiwanja mpaka kikawa laini kama godoro. Kumbe ngamia nao wanapenda godoro! Alhamisi ndege inanguruma juu, ngamia arobaini wamelala kiwanjani, wanacheua. Na Torbi ngamia aliyelala hapigwi. Huinuka kwa wito wa mwenyewe tu, na wenyewe wote wako harusini, bonde la pili.

"Nipisheni, mwenye kazi amefika!" Diba akasema. Akaita kama Guyo mwenye ngamia, akaita kama mamake Guyo, akaita kama watu arobaini. Ngamia wa mwisho aliposimama, koo la Diba lilikuwa limekauka kabisa.

Talaso yeye alikuwa anatazama mlingoti. Ule mfuko wa kitambaa wa kumwonyesha rubani upepo unakoelekea ulikuwa umeraruliwa na upepo huohuo. Dukani hakuna kitambaa. Nyumbani kilikuwepo kimoja: gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya siku ya Gumato.

"Utanisamehe, mwanangu," akasema, akalitia mkasi.

Ndege ilipozunguka mara ya tatu, gauni lilikuwa juu, limejaa upepo. Ikatua.

"Bila barua nisingekuja," rubani akasema. "Bila ule wito ningekanyaga ngamia. Bila hilo gauni ningegeuza. Ila maafisa wamejaza ndege. Kiti kilichobaki ni kimoja. Vingine Alhamisi ijayo."

"Daktari wa macho anaondoka mjini Jumapili," Jillo akasema polepole.

Diba akanong'ona, "Nami koo linataka daktari wa mjini; bila sauti mimi ni nani? Halafu niliwaahidi wasichana wote kwamba nitaruka wa kwanza."

"Wote wangapi?" Talaso akauliza.

"Wawili."

Wakacheka. "Panda wewe, mzee." "Aka, panda wewe, mama." Kila mmoja akimsukuma mwenzake, na kila mmoja mguu wake ukisogea mbele kidogo.

Talaso akalitazama gauni lake likicheza angani, kisha leso iliyopauka mwilini mwake. Kesho Gumato ataitwa jina, atageuka kutafuta ni nani anayempigia vigelegele.

Injini imewaka. Alhamisi ijayo ndege itarudi, hilo halina ubishi tena. Lakini leo kiti ni kimoja. Haya, wajuaji: mlango ungekuwa mkononi mwako, ungempandisha nani? Na kabla hujajibu, mtazame usoni huyo unayemwacha.