Mikono ya Bi Mize

Hapo zamani, na zamani hiyo msiionee wivu, palikuwa na mji ambao wakazi wake takriban wote walipokewa duniani na mwanamke mmoja, mkunga Bi Mize. Alipozeeka, watu wa mji waliazimia kumsubu sanamu ya shaba iliyoyeyushwa, ameketi, mikono ameinyoosha kama anayepokea mtoto. Kila nyumba ikatoa chombo cha shaba kiyeyushwe: huyu birika, yule sinia, yule kinu cha hiliki.

Kadhi wa mji, Sheikh Burhani, aliwakanya. Akawatajia wanavyuoni waliokataza sura za viumbe. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kuwasha tanuri.

Kazi alipewa Maftaha, mchoraji na mfinyanzi wa sura za watu. Huyu hakuchora kwa kubuni. Sharti mtu awe hai mbele ya macho yake. Alimchora Bi Mize kwa mkaa, akamchora tena kwa rangi ubaoni, ndipo akamfinyanga kwa nta. Na kila alipofika kwenye vidole, Bi Mize aliitwa kwenda kuzalisha, akanyanyuka.

"Bibi, nakuomba utulie."

"Mwambie mtoto atulie tumboni, nami nitatulia kitini."

Nta ilipokamilika, Faki, fundi wa kusubu, aliipachika vijiti vya kuachia njia ya hewa. Maftaha akaving'oa vile vya ncha za vidole, kwa kuwa huacha kovu kwenye shaba. Faki akatazama, akanuna, akaifunika sanamu kwa udongo. Nta ikayeyushwa, ikabaki kalibu tupu ya udongo. Na kalibu ya namna hiyo hutumika mara moja tu, kisha huvunjwa.

Siku ya kumimina, mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa mikononi mwa Ngwali, ambaye mkewe alikuwa katika uchungu. Mtoto akazaliwa kimya, hana sauti. Bi Mize akatuma mtu mbio: "Mwambie Ngwali aje amwadhinie mwanawe, asije akatutoka hajalisikia jina la Mola wake." Maana katika mji ule adhana ya kwanza ilitoka kinywani mwa baba, si kwa mwingine. Ngwali akamsukumia Maftaha mivukuto, akakimbia. Moto ukanywea. Faki akaiona shaba inafifia, akaimimina hivyo hivyo.

Mtoto alilia, akaishi. Kalibu ikavunjwa: uso ulikuwa Bi Mize mwenyewe, na makunyanzi yake. Mikono ilikomea vifundoni, haina viganja wala vidole.

Na sheria ya mji ilikuwa hii: aliyeharibu kazi ya umma, naye hutajwa mmoja tu, huweka chini zana zake hata kufa kwake; na kabla ya hukumu, hakuna mtuhumiwa anayegusa kazi.

Faki, Maftaha na Ngwali wakafikishwa kwa Sheikh Burhani, na Bi Mize akafuatana nao.

"Niliwakataza sura nzima," akasema. "Leo mnaniletea pungufu. Haya, semeni."

Faki akasema, "Shaba ni kama maji katika chupa; hewa isipotoka, haingii. Niliiachia njia, huyu akaing'oa."

"Niling'oa mbele ya macho yako," akasema Maftaha. "Ulinyamaza ili upate la kusema leo. Kisha ukamimina shaba iliyolala."

"Kalibu ilikwisha kuiva. Ningengoja, ingepasuka, tukaukosa na uso. Na moto ulilala mikononi mwako."

"Nilivukuta."

"Ulipepea uji."

Kadhi akamgeukia Ngwali. "Nawe hukumwona mtu mwenye misuli wa kumwachia?"

"Aliyekuwa karibu ndiye huyu, sheikh. Nami niliitwa. Nimwambie mwanangu angoje shaba iive?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kadhi akaziba masikio. Ndipo Bi Mize akasema:

"Wanangu, mmenichosha. Aliyeita ni mimi. Na aliyekuwa akinyanyuka kila siku ni mimi. Ningetulia, kazi ingekwisha kabla mke wa Ngwali hajafika siku zake. Nihukumu mimi, sheikh."

"Bibi, zana zako ni hiyo mikono."

"Basi nitaikunja."

"Na wajawazito watazalishwa na nani?"

"Waulize mafundi hawa. Wanajua kila kitu."

Hapo akaingia mtumishi wa nyumbani kwa kadhi, anahema. Binti wa kadhi, Zuhura, ameshikwa na uchungu, na mtoto amekingama tumboni.

Bi Mize alisimama. Kisha akaketi tena.

"Mimi ni mtuhumiwa, sheikh, na sheria ni yenu. Toa hukumu kwanza."

Kadhi akimwachilia bibi, watasema amehukumu kwa ajili ya binti yake. Akimtia hatiani, nani atamgeuza mtoto? Na akimtaja mwingine kwa haraka, amemnyang'anya mtu riziki ya maisha ili yeye apate mjukuu.

Alihukumu, na alihukumu upesi. Nanyi mnaonisikiliza msiniambie kwamba wote walikosa. Hilo hata mtumishi aliyekuwa akihema alilijua, na sheria ilitaka jina moja. Zuhura yuko kitandani, na mtoto hangoji. Je, ni nani kati ya wanne hawa aliyeikata mikono ya Bi Mize?