Kodi ya Mikia

Paukwa!

Pakawa!

Shimo?

La mwenye kulala!

Na dalali?

Apite mbali!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na bonde lenye mashimo mazuri, baridi ikija yana joto, jua likiwaka yana ubaridi. Aliyeyachimba ni Muhanga. Yeye huchimba akitafuta mchwa, akishiba huyoo, anakwenda zake.

Katika shimo moja alikaa Mama Ngiri na watoto wanne. Jirani yake alikuwa Mama Nguchiro, mwenye watoto tele.

Siku moja akaja Mbweha.

"Hodi wenyeji! Mimi ndimi dalali wa Muhanga. Kuanzia leo, kila shimo kodi yake yai moja la kanga."

Wakatazamana, wakalipa. Nani alale nje na watoto, na Simba ananguruma ng'ambo ya mto?

Mvua zikapita, Mbweha akarudi.

"Eneo limepanda hadhi. Sasa ni yai moja kwa kila mkia."

Akasimama mlangoni ahesabu. Na ngiri, mnajua, hukimbia mkia juu! Wakaingia mbio, Mbweha akahesabu: "Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano! Mama, una uzazi wewe!"

Mama Ngiri akahangaika, akalipa. Mama Nguchiro alishindwa. Akakusanya wanawe, akaenda kulala kwenye miiba. Na wengine wenye watoto vivyo hivyo. Wakabaki makapera watupu, bonde likawa kimya.

Mvua zikapita tena, Mbweha akarudi, tumbo limemtoka.

"Mayai matatu kwa kila mkia. Huwezi, utoke kesho jioni. Chatu analitaka shimo hili, na yeye hana kelele za watoto."

"Mbweha baba, kanga wenyewe hawatagi hivyo!"

Mbweha akacheka. "Kelele za mlango, mama, hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."

Akaondoka. Mama Ngiri akabaki amesimama. Mwenye nyumba! Mbona tangu waanze kulipa hajamwona hata mara moja?

Asubuhi akamtafuta Muhanga mpaka akampata, kichwa kimezama kwenye kichuguu.

"Dalali?" Muhanga akashangaa. "Sina dalali. Nikishakula mchwa, shimo la kazi gani kwangu? Lala na wanao, mama."

Mama Ngiri alirudi na furaha, na hasira nayo imo. Akawaambia watoto, "Wanangu, leo tunaingia kinyumenyume."

Jioni Mbweha akaja. Akachungulia, haoni mkia.

"Mikia iko wapi?"

"Imo ndani," akajibu Mama Ngiri. "Ingia uhesabu, dalali."

Tamaa mbele. Mbweha akaingiza kichwa, akakutana na meno ya Mama Ngiri. Pua ikachanika! Akafyata mkia, akatimka huku analia.

"Mkia mmoja huo!" Mama Ngiri akampigia kelele. "Unadaiwa mayai matatu!"

Bonde zima likacheka. Kesho yake Mama Nguchiro akarudi na kundi lake, na kelele za watoto zikarudi pia. Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno mlangoni.

Nanyi wapangaji mnaonisikiliza, shikeni hili: kabla hujalipa kodi, mjue mwenye nyumba. Anayekuhesabia watoto mlangoni, muulize kwanza nani kamtuma.

Hadithi yangu imefika kizingitini, haiingii ndani. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.